Je, Wajua? Vincent HRD, Kiwanda Kidogo cha Stevenage Kilichotikisa Dunia ya Pikipiki

JE, WAJUA kwamba miaka ya mwisho ya 1940, pikipiki yenye mbio kuliko zote zilizouzwa dukani haikutoka Marekani, Ujerumani wala Japani? Ilitoka katika kiwanda kidogo cha Stevenage, mji wa jimbo la Hertfordshire kaskazini mwa London, kando ya barabara kuu ya zamani iendayo kaskazini. Jina lake lilikuwa Vincent HRD. Tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha hadi kiwanda kilipoacha kutengeneza pikipiki, zilitoka takriban 11,000 tu. Kampuni kubwa za India zinazotuletea bodaboda leo hutoa idadi hiyo kwa siku chache. Hata hivyo, ukitaja Vincent mbele ya wapenzi wa pikipiki za kale popote duniani, mazungumzo mengine yote hukatika.

Herufi HRD ni za Howard Raymond Davies, kijana wa Birmingham aliyezaliwa mwaka 1895. Davies alikuwa mpanda pikipiki wa mashindano kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akawa rubani wakati wa vita, akatunguliwa na kuchukuliwa mateka na Wajerumani. Inasimuliwa kwamba wazo la kutengeneza pikipiki zake mwenyewe lilimjia akiwa huko kambini.

Mwaka 1921 Davies alifanya jambo ambalo halijawahi kurudiwa. Katika mashindano ya TT ya Isle of Man alishinda mbio za Senior, za pikipiki za cc 500, akiwa juu ya pikipiki ya AJS ya cc 350. Fikiria mtu anaingia ulingoni na bondia wa uzito wa juu yake, kisha anamwangusha.

Miaka mitatu baadaye alifungua kampuni yake mjini Wolverhampton. Mwaka 1925 alirudi Isle of Man na pikipiki yenye herufi za jina lake ubavuni mwa tanki, akashinda tena Senior TT kwa wastani wa maili 66 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 106, kwenye barabara ambazo leo tungeziita mbovu. Mwaka 1927 Freddie Dixon akaipatia HRD ushindi wa Junior TT, mbio za pikipiki ndogo kuliko za Senior. Januari 1928 kampuni ikafungwa kwa kukosa fedha. Vikombe vilikuwepo kabatini, lakini mishahara na madeni havilipwi kwa vikombe, na pikipiki nzuri za Davies zilikuwa ghali kuzitengeneza. Shika hilo akilini, maana jina hili litafika hapo hapo kwa mara ya pili.

Je, wajua jina la HRD liliuzwa kwa bei gani? Pauni 450 hivi, pamoja na vifaa na vielelezo vya kiwandani. Mnunuzi alikuwa Philip Vincent, kijana wa miaka 20, aliyezaliwa Wilmslow katika jimbo la Cheshire, akasoma shule ya Harrow kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Baba yake alikuwa na ranchi ya ng'ombe Argentina, na fedha za ng'ombe ndizo zilizoanzisha kiwanda. Philip alikuwa na ufundi kichwani lakini hakuwa na jina sokoni. Nani angenunua pikipiki ya mtoto wa chuo asiyejulikana? Davies alikuwa na jina lakini hana tena kampuni. Ndipo ikazaliwa Vincent HRD, na makao yake yakawa Stevenage.

Kijana huyo tayari alikuwa na hataza ya kitu ambacho leo kila mpanda pikipiki anakikalia bila kukifikiria: shokapu ya nyuma. Wakati ule pikipiki karibu zote zilikuwa na fremu ngumu nyuma. Ukipita kwenye shimo, shimo lilipita kwenye uti wa mgongo wako. Vincent aliunda pembetatu ya mabomba ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma, ikabembea mahali pamoja na kusukuma springi zilizolala chini ya kiti.

Wateja waliogopa. Waliamini pikipiki yenye springi nyuma itayumba na kuwaangusha kwenye kona. Kwa hiyo umbo lile likapangwa hivi kwamba ukiitazama kwa mbali, unadhani ni fremu ngumu ya kawaida. Watu walipata raha bila kuiona! Karibu nusu karne baadaye, katika miaka ya 1970, Yamaha ilileta kwenye pikipiki za motokrosi mfumo uliobuniwa na Mbelgiji Lucien Tilkens. Mpangilio wake wa pembetatu na shokapu iliyolala ulifanana sana na ule wa Vincent, na safari hii dunia nzima ikaushangilia.

Je, wajua mhandisi mkuu wa Vincent alifikaje kazini? Kwa pikipiki, kutoka Australia. Phil Irving alizaliwa jimbo la Victoria mwaka 1903. Mwingereza John Gill alikuwa akizunguka dunia na HRD yenye kigari cha pembeni, na alipofika Australia, Irving akapanda naye hadi Uingereza. Mwaka 1931 alikuwa tayari kazini Stevenage. Tangu hapo habari ya kiwanda ni habari ya Phil wawili: mmoja mwenye mawazo yasiyoisha na mkaidi wa kuyatetea, mwingine mwenye mkono wa kuyachora yakawa chuma.

Hadi mwaka 1934 kiwanda kilinunua injini kwa watu wengine, hasa kampuni ya JAP ya London. Juni mwaka huo walipeleka pikipiki tatu kwenye TT, zote zikiwa na injini za JAP. Zote tatu ziliharibika, hakuna iliyofika mwisho. Phil wawili walirudi Stevenage na uamuzi mmoja: sasa tunatengeneza injini yetu. Novemba mwaka huo huo, kwenye maonyesho ya Olympia jijini London, injini mpya ya cc 499 ilikuwa mbele ya watu. Ilitumika kwenye modeli za Meteor na Comet, na Comet iliweza kufika maili 90 kwa saa, karibu kilomita 145. Kila vali ilishikwa na miongozo miwili badala ya mmoja mrefu, na kemshafti iliwekwa juu ili fito za kusukuma vali ziwe fupi. Fito fupi ni nyepesi, hazipindi, na injini inaweza kuzunguka kasi zaidi bila vali kupoteza mpangilio.

Kisha ikaja karatasi. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1936 mezani kwa Irving kulikuwa na nakala mbili za mchoro wa injini ya Meteor kwenye karatasi inayoonyesha kilicho chini yake. Moja ilikuwa imelala juu ya nyingine, imegeuzwa. Irving alipotazama, aliona silinda mbili zimepanuka kama herufi V kutoka kwenye krenki moja. Gia ya kati ya injini ile ilikaa nyuzi 23 na nusu pembeni mwa mstari wa silinda, kwa hiyo michoro miwili ilipokutana, pembe ilikuwa nyuzi 47. Vipuri vingi vya injini ndogo vingeweza kutumika vilevile kwenye kubwa: silinda, vichwa, vali. Kiwanda kisicho na fedha za kuanza upya kilikuwa kimepata injini ya cc 998 bila kuanza upya.

Pikipiki iliyobeba injini hiyo ni Rapide ya kwanza, ambayo mashabiki huiita Series A. Nguvu farasi 45, mwendo wa maili 110 kwa saa, yaani kilomita 177, wakati magari mengi ya barabarani yalihema kufika nusu yake. Mabomba ya oili yalizunguka nje ya injini kila upande, hata wapinzani wakasema ni ndoto mbaya ya fundi bomba. Tatizo halisi lilikuwa pengine: klachi na giaboksi za kununua hazikuhimili nguvu ile. Zilitengenezwa chini ya 80 kabla ya vita, na yeyote aliye nayo leo ana mali.

Vita ilipoanza mwaka 1939 pikipiki zilisimama na kiwanda kikageukia zana za kivita. Lakini usiku Philip Vincent alikuwa akifikiria pikipiki ya baada ya vita. Irving, ambaye alikuwa ameondoka kwenda kampuni ya Velocette, alirudi mwaka 1943, na wakaanza kuchora.

Je, wajua kwamba Rapide mpya ya mwaka 1946, Series B, haikuwa na fremu kwa maana tuliyoizoea? Tazama bodaboda yoyote: mabomba ya chuma yanaizunguka injini, na injini inakaa ndani yake kama abiria. Irving na Vincent waliuliza: injini hii ni pande kubwa la aluminiamu gumu kuliko bomba lolote, kwa nini isibebe mzigo yenyewe? Wakapanua pembe ya silinda hadi nyuzi 50, wakaunganisha injini na giaboksi kuwa pande moja, wakaweka juu yake boksi la chuma. Boksi hilo lilifanya kazi mbili: lilishika kichwa cha usukani kwa mbele, na tumbo lake lilikuwa tanki la oili. Pembetatu ya nyuma ilifungwa moja kwa moja kwenye giaboksi. Mabomba ya kuizunguka injini yakatoweka. Pikipiki ya cc 998 ikawa fupi kuliko ile ya kabla ya vita, na uzito wake ukawa kilo 206 tu. Pikipiki nyingi za mashindano za siku hizi hutumia injini kama sehemu ya fremu, na watu huiona teknolojia mpya.

Watu wengi hukumbuka Vincent kwa spidi. Mimi naikumbuka zaidi kwa jinsi ilivyomfikiria mtu aliyepata pancha usiku wa mvua. Ukipata pancha ya nyuma kwenye Rapide, huhitaji spana kutoa gurudumu. Ekseli ina kishikio cha chuma kilichopenya kichwani mwake, unakizungusha kwa mkono na kukivuta. Nati za breki zina meno, zinafunguka kwa vidole. Mnyororo unafungua kiungo chake. Bati la matope la nyuma lina bawaba, unalinyanyua juu, na gurudumu linatoka kwa nyuma bila kugombana na kitu.

Sasa lishike gurudumu hilo mkononi ulitazame. Lina nafasi ya sproketi kila upande, na ukubwa wake waweza kuwa tofauti. Ukitaka kufunga kigari cha pembeni Jumamosi umpeleke mama watoto sokoni, unaligeuza gurudumu upande wa pili, unapata gia nzito ya kubebea mzigo. Jumapili unaligeuza tena. Kukaza mnyororo ni kuzungusha kirekebishi kwa mkono. Pedali ya breki, mahali pa kuweka miguu na gia vyote vinasogezwa kumfuata mpandaji, mrefu au mfupi. Chini ya kiti kuna trei ya vifaa inayotoka kama droo. Vincent na Irving wote walikuwa wapanda pikipiki wa kila siku, na kila kitu kwenye mashine ile kinaonyesha kwamba mchoraji wake aliwahi kulowa barabarani.

Breki? Nne. Ngoma mbili mbele na mbili nyuma, kila upande wa gurudumu moja. Nguvu ya kusimama iligawanywa sawa pande zote, na gurudumu halikuvutwa upande mmoja.

Baadaye kidogo, kwenye Series C, ikaja mikono ya mbele iliyoitwa Girdraulic. Kampuni nyingine zilikuwa zinahamia kwenye mirija miwili inayoingiana, kama tunayoiona leo. Vincent hakuiamini. Alisema inapinda breki zikikamata kwa nguvu. Badala yake alitumia mapanga mawili ya aloi yaliyofuliwa, na ukitaka kufunga kigari cha pembeni, unazungusha vipande fulani vya chini na usukani unabadilika kuwa mwepesi kwa kazi hiyo. Historia ya soko haikumuunga mkono, mirija ndiyo iliyoshinda. Lakini kwa breki na matairi ya wakati ule, hoja yake ilikuwa na uzito.

Je, wajua Black Shadow ilianza kwa siri? Inasimuliwa kwamba mkurugenzi mtendaji, Frank Walker, hakuona sababu ya kuuza pikipiki yenye mbio kuliko Rapide. Philip Vincent, Irving na mjaribu wa kiwanda, George Brown, wakaendelea na kazi kimyakimya. Brown alikuwa na Rapide yake ya majaribio iliyonolewa, ambayo mwandishi wa jarida la Motor Cycling, Charles Markham, aliipa jina Gunga Din, nalo likaganda. Mwaka 1948 Black Shadow ikatoka rasmi: nguvu farasi 55, maili 125 kwa saa, yaani kilomita 201. Injini yake ilipakwa rangi nyeusi na kuokwa kwenye tanuri. Mbele ya mpandaji kulikuwa na spidimita ya Smiths kubwa mithili ya saa ya ukutani, imesimama wima, na namba zake zinaishia 150. Jumla zilitengenezwa 1,700 hivi.

Na ikiwa 150 inakushangaza, msikilize Rollie Free.

Free alikuwa Mmarekani wa miaka 47, mpanda mashindano na muuzaji wa pikipiki za Indian, mwenye kinyongo cha miaka mingi na Harley-Davidson. Rekodi ya Marekani ilikuwa ya Joe Petrali, aliyefika maili 136 kwa saa juu ya Harley mwaka 1937 kwenye ufukwe wa Daytona. Tajiri mmoja wa California, John Edgar, aliagiza Stevenage Vincent maalumu ya mbio, iliyotokana na kazi ile ile ya Gunga Din na ambayo aina yake ilikuja kuitwa Black Lightning. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1948, Free aliipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah.

Mtindo wake ulikuwa wa ajabu. Kiti kilitolewa. Alilala kifudifudi juu ya pikipiki, tumbo juu ya bati la nyuma, miguu imenyooka hewani nyuma yake, kidevu karibu na tanki, ili upepo usipate pa kumshika. Awamu moja alifika maili 147, lakini nguo zake za ngozi zilichanika kwa upepo na kupepea, zikamrudisha nyuma. Akazivua. Akabaki na chupi ya kuogelea, kofia ya kuogea na viatu vya raba vya kuazima. Chini yake kulikuwa na chumvi ngumu yenye kingo kali, na angeanguka, ngozi ingebaki huko. Akalala tena, akafungua mafuta yote.

Maili 150.313 kwa saa. Kilomita 242, akiwa amevaa nguo ya mtu anayekwenda baharini. Picha ya siku ile, mwili mmoja mweupe ulionyooka juu ya mashine nyeusi, ni kati ya picha mashuhuri kuliko zote katika historia ya pikipiki. Kwa kiwanda kidogo cha Stevenage, tangazo la namna hiyo lisingenunulika kwa fedha yoyote.

Soko la Marekani lilipofunguka, tatizo dogo likajitokeza: wanunuzi walichanganya HRD na herufi za Harley-Davidson. Kuanzia mwaka 1949 herufi za Davies zikaanza kuondolewa kwenye injini na tanki, likabaki Vincent. Kampuni ilijaribu pia kushirikiana na Indian, na injini ya Rapide ikafungwa kwenye fremu ya Indian Chief, mseto ulioitwa Vindian. Haukufika sokoni.

Je, wajua mwanafunzi gani wa ufundi alikuwa akipaka mikono oili Stevenage mwanzoni mwa miaka ya 1950? John Surtees. Mara yake ya kwanza kwenye mashindano alikuwa mtoto wa miaka 14, abiria kwenye kigari cha pembeni cha Vincent ya baba yake huko Trent Park. Walishinda, kisha wakanyang'anywa ushindi waamuzi walipogundua umri wa mtoto. Mwaka 1951, akiwa juu ya Vincent Grey Flash ya cc 500 kwenye uwanja wa Thruxton, alimsumbua Geoff Duke, mfalme wa mbio za wakati ule. Surtees alikuja kutwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mara nne, kisha mwaka 1964 akawa bingwa wa Formula 1 na Ferrari. Hadi leo hakuna mwingine aliyepata ubingwa wa juu wa dunia kwa magurudumu mawili na kwa manne.

Mwaka 1952 kiwanda kilikwenda Montlhéry, Ufaransa, kikitaka kukimbia saa 24 kwa wastani wa maili 100. Beringi za krenki hazikuhimili. Lakini kabla hazijafa walikuwa wameshakusanya rekodi nane za dunia, ikiwemo saa 6 mfululizo kwa zaidi ya maili 100 kwa saa.

Sasa fedha. Argentina ilikuwa mteja mkubwa baada ya vita, na polisi wa huko walipanda Rapide, lakini serikali ya Rais Perón ilipobana uagizaji kutoka nje, mlango ule ukafungwa. Mwaka 1949 wadai waliweka msimamizi wa kuendesha kampuni. Pikipiki iliyotengenezwa kwa aloi bora, chuma cha pua na saa nyingi za mafundi haikuweza kuuzwa kwa bei inayorudisha gharama yake, na mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza alikuwa anahesabu pesa za kununua gari dogo.

Kiwanda kikatafuta riziki kwa vitu vidogo. Kilitengeneza Firefly, injini ya cc 48 ya kufunga kwenye baiskeli. Kikaingia mkataba na kampuni ya Ujerumani, NSU, kuuza Uingereza moped yake iitwayo Quickly, ya cc 49. Quickly ziliuzika kwa maelfu mwaka 1954, kiasi kwamba NSU ikaamua kuziuza yenyewe. Vincent akabaki mikono mitupu.

Dau la mwisho lilikuwa Series D, na hasa Black Prince, pikipiki iliyofunikwa karibu yote kwa maganda ya faibaglasi ili mtu aende ofisini na suti yake bila tone la oili. Kulikuwa na wenzo wa mkono wa kuipandisha kwenye stendi, mpandaji asihangaike kuinyanyua. Mawazo yalikuwa mbele ya wakati. Maganda hayakuwa: yaliletwa yakichelewa, mengine hayafai, na baadhi ya pikipiki zikauzwa uchi, bila maganda. Katikati ya mwaka 1955 Philip Vincent aliwatangazia wenye pikipiki zake, kwenye karamu ya chama chao, kwamba hatatengeneza tena. Ya mwisho, Black Prince, ilitoka kwenye mstari tarehe 16 Desemba 1955.

Mwaka huo huo wa kufunga, tarehe 2 Julai, mpanda pikipiki wa New Zealand aitwaye Russell Wright alipanda Vincent Black Lightning kwenye barabara nyembamba iliyonyooka ya Swannanoa, karibu na Christchurch. Lami ilikuwa na unyevu. Alipita kwa maili 185.15, karibu kilomita 298 kwa saa, ikawa rekodi ya dunia. Siku hiyo hiyo mwenzake Robert Burns akavunja rekodi ya pikipiki zenye kigari cha pembeni, maili 163. Na rekodi aliyoivunja Wright ilikuwa ya nani? Ya Wilhelm Herz wa NSU, kampuni ile ile ya Quickly. Herz aliirudisha mwaka uliofuata huko Bonneville. Lakini kwa mwaka mmoja, pikipiki iliyoshindwa kuuzika ndiyo iliyokuwa na mbio kuliko zote duniani, kama ilivyokuwa kwa Davies na vikombe vyake vya TT.

Kiwanda hakikufa pikipiki zilipokwisha. Kiliendelea na injini za kiwandani na vifaa vingine, na hata kilitoa skuta ya majini ya faibaglasi iitwayo Amanda, mmoja wa mababu wa vyombo vinavyokimbizwa baharini leo. Philip Vincent alifariki mwaka 1979, akiwa ameishiwa fedha muda mrefu kabla.

Irving alirudi Australia, na hapa kuna jambo ambalo hata mashabiki wengi wa Formula 1 hawalijui. Kampuni ya vipuri ya Repco ilimwajiri achore injini ya V8 kwa ajili ya gari la Jack Brabham. Mwaka 1966 Brabham alitwaa ubingwa wa dunia na injini hiyo, dereva pekee kushinda ubingwa kwa gari lenye jina lake mwenyewe. Linganisha na Davies mwaka 1925. Kwa hiyo kiwanda ambacho hakikuwahi kutengeneza gari la Formula 1 kilimfunza ufundi bingwa wa mwaka 1964, na mhandisi wake alichora injini ya ubingwa wa 1966.

Mwaka 1967 Fritz Egli wa Uswisi alitengeneza fremu mpya ya bomba moja nene kwa ajili ya injini ya zamani ya Vincent na kuanza kuwashinda wenye pikipiki mpya kwenye mbio za milimani. Mwaka 1991 mwanamuziki Mwingereza Richard Thompson alitoa wimbo uitwao 1952 Vincent Black Lightning, na watu wasiojua vali wala pistoni wakalijua jina hilo. Mwaka 2018 mjini Las Vegas, Black Lightning iliyoweka rekodi ya Australia mwaka 1953 mikononi mwa Jack Ehret iliuzwa mnadani kwa dola 929,000. Lightning zote zilizowahi kutengenezwa hazizidi sana 30.

Lakini usidhani zote zimefungiwa kwenye vioo. Chama cha wenye Vincent kilianzishwa mwaka 1948, kiwanda kikiwa bado kinafanya kazi, na baadaye wanachama wakaunda kampuni yao ya vipuri. Kampuni hiyo hutengeneza upya vipuri vya pikipiki hizi kwa kufuata michoro ya Stevenage, pistoni, gia, vichwa vya silinda, hadi nati za kufungua kwa vidole, na imewahi kuunda Black Shadow nzima mpya kwa vipuri vyake yenyewe. Mwenye Rapide ya mwaka 1947 akivunja kitu leo, anaagiza, kinaletwa, anakifunga, anaondoka.